Kisima Kilichosaidiwa

Kambini hapafichiki neno. Asubuhi bosi alimnong'oneza mpimaji kwenye simu kwamba kisima cha kutafutia joto la ardhi kikionekana baridi, kambi inafungwa na yeye mpimaji kazi hana. Kufikia saa ya chai, mafundi wa mtambo wa kuchimbia walikuwa wameshaanza kugawana vitanda vya kambi.

Mpimaji alikuwa mwanamke wa maneno machache. Mpishi wa kambi alikuwa mjomba wake, wa maneno yote yaliyobaki.

Kazi yenyewe haina makuu. Ukishachimba, unakipumzisha kisima, maana maji ya kuchimbia huupoza mwamba, nao unataka muda urudie joto lake. Halafu unashusha kipimajoto kwa waya, unasoma kila unaposhuka. Kwa jinsi joto linavyozidi kadiri unavyokwenda chini, na jinsi mwamba unavyolipitisha, unakadiria ni kiasi gani linapanda kutoka tumboni mwa ardhi. Likiwa haba, kwaherini.

Kisima kilikuwa kimeshapumzika miezi miwili. Kesho yake waya ukashuka. Mpimaji akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. Juu moto, chini baridi.

Bosi akapiga. "Haya, joto lipo?"

"Lipo, bosi. Ila linashuka."

"Linakwenda wapi?"

"Chini. Kwa vipimo hivi, sisi ndio tunaipasha dunia joto."

"Hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Ni mpya. Nitakupigia."

Akaenda jikoni moja kwa moja. Masufuria makubwa yote yalikuwa nje ya kabati, na kuni za wiki nzima hazipo.

"Mjomba."

"Naam, mwanangu."

"Umemwaga nini kisimani?"

"Mimi? Maji tu. Tena safi, yamechemka."

"Mjomba!"

"Sasa nikae nimekunja mikono, unafukuzwa kazi hivi hivi? Nikakisaidia kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mapipa."

Mpimaji akavuta kigoda, akakaa. "Basi kipumzike upya. Miezi miwili mingine."

Mjomba akaacha kukoroga. "Na kambi?"

"Kambi haifungwi bila kipimo."

"Pole sana, mwanangu," alisema mjomba, uso mzito kama wa mtu aliye msibani. Kisha akatoa kichwa dirishani: "Nyie! Rudisheni vitanda vya watu! Tupo!"

Bosi aliambiwa maji yaliingia kisimani. Yaliingiaje, hakuambiwa.

Jioni mjomba alimkuta mpimaji akihangaika na kifuniko cha kisima.

"Kufuli ya nini? Huniamini mjomba wako?"

"Nakuamini. Ndiyo maana naweka mbili."