Mgawo wa Kilima cha Kweng'ombe

Asubuhi ya Jumanne moja, mwaka wa 1975, Rubeni alikuwa ameipindua baiskeli yake ya Foniksi mbele ya nyumba, magurudumu juu, akiupaka mnyororo mafuta ya kupikia kwa unyoya wa kuku. Mafuta alikuwa ameyaomba kwa mkewe, Rahabu, naye alimpa kijiko kimoja tu, kwa kuwa mboga nazo zilikuwa na haki zao. Kwenye keria alikuwa amefunga mto wa kulalia kwa mpira wa tyubu. Rahabu alikuwa na mimba kubwa, na mto ule ulikuwa wa kukalia siku ya kwenda hospitali.

Njia ya baiskeli kutoka kijiji cha Kwemagogo hadi hospitali ya Lushoto ilikuwa njia nzuri kabisa, isipokuwa katikati. Iliteremka kwa adabu kati ya mashamba ya kabichi na miti ya mapea, ikavuka daraja la magogo, kisha ikakutana na kilima cha Kweng'ombe. Kilima kilipewa jina kwa heshima ya ng'ombe mmoja wa zamani ambaye alifika nusu yake, akakaa chini, na hakukubali tena maneno ya mtu. Hapo hakuna aliyeendesha. Mwenye baiskeli alishuka akasukuma, na aliyebebwa alishuka akatembea.

Watoto wawili wa kwanza wa Rahabu walizaliwa kwenye kilima hicho, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wawili walizikwa kabla ya kupewa majina. Zahanati iliyoahidiwa kijijini ilikuwa bado ni kibao kilichosimama kwenye nyasi.

Alhamisi kulikuwa na mkutano wa kijiji uwanjani pa shule. Ndugu Tobia, Mwenyekiti, alisimamia mgawo wa mbolea, na mbolea ikagawanywa. Alipouliza kama kuna mengineyo, Rubeni akanyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, mbolea tumegawana. Majembe tumegawana. Hata kuhamishwa, tulihamishwa wote. Sasa kile kilima, mbona kila mtu anakipanda peke yake?"

Mama Dorkasi, mkunga wa kijiji, akasema kutoka nyuma, "Kijana anasema kweli. Mimi nimekipanda na mke wake mara mbili. Sitaki ya tatu."

"Hoja yako ni nini, ndugu?" akauliza Mwenyekiti.

"Tukigawane. Kila nyumba ichukue kipande chake cha mwinuko, ikakae nacho."

Mwenyekiti akatafakari. Alikuwa ameyasikiliza maelekezo yote ya chama redioni, na hakukumbuka hata moja lililokataza kilima kugawanywa. Akaita kura. Mikono ikanyooshwa, na hoja ikapita.

Siku ya msaragambo, siku ambayo kijiji kizima hufanya kazi moja, pembe lilipulizwa alfajiri na watu wakajipanga Kweng'ombe kuanzia chini hadi juu. Udongo hawakuugusa, wala mawe. Walichukua mwinuko peke yake, kila mmoja pale aliposimama, wakarudi nao makwao wakiwa wameinama upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo moja ya maji. Wengi waliuweka chini ya kitanda. Kanisa na msikiti vilichukua kidogo kidogo, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana amemwachia mwenzake.

Kufikia adhuhuri barabara ilikuwa imelala kama mkeka. Nyumba za Kwemagogo, kwa upande wake, zilikuwa zimeinama. Haikuwa shida kubwa. Maharage yaliyoanguka yalikimbilia ukutani, na sasa ilijulikana pa kuyatafuta. Watu walijifunza kulala kichwa upande wa juu. Kanisani vitabu vya nyimbo viliteleza vyote hadi mwisho wa benchi, kwa Mzee Nathanaeli, ambaye hakujua kusoma lakini alivigawa upya kwa moyo mkunjufu.

Nyumba tatu hazikuinama: ya Mwenyekiti, ya Katibu na ya Bwana Shamba. Ilielezwa kwamba viongozi huandika, na kuandika kunahitaji meza iliyotulia. Vipande vyao havikuweza kuachwa barabarani, kwani vingekuwa kilima. Kwa hiyo vilipelekwa kwa Bibi Tatu, mjane aliyeishi peke yake mwishoni mwa kijiji, kando ya njia. Yeye alikuwa na vyombo vichache vya kuviringika.

Bibi Tatu hakuwapo. Siku hiyo yeye peke yake alikuwa amepangiwa kupalilia mahindi. Aliporudi jioni alifungua mlango, akaitazama nyumba yake, akasema maneno machache ya Kishambaa ambayo hayafai kutafsiriwa, kisha akaenda kwa Mwenyekiti.

"Mwenyekiti, nani kaweka kilima ndani kwangu?"

"Kijiji, Bibi."

"Kilipiga hodi?"

"Ulikuwa shambani, Bibi."

"Shamba la nani?"

"La kijiji."

Bibi Tatu akafikiri. "Basi mimi na kijiji tumepishana njiani," akasema, akarudi kukifunga kitanda kwa kamba kwenye nguzo.

Uchungu ulimshika Rahabu asubuhi moja, watu wakiwa wanakwenda mashambani. Rubeni akamkalisha juu ya mto, akapanda, akakanyaga. Mlima ulikuwa umeondoka, lakini salamu zilikuwa zimebaki. Kwenye kila shamba alikuwapo mzee, na kwa kila mzee Rubeni alifunga breki.

"Shikamoo, baba," akasema Rahabu, ameuma upindo wa kanga.

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na mama yako kule Soni, mguu umepona?"

"Umepona, baba."

"Na wewe mwenyewe hujambo?"

"Sijambo, baba. Najifungua."

"Haya, Mungu awe nanyi. Msalimieni daktari."

Walipokaribia nyumba ya mwisho, Bibi Tatu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo asiteremke. Rubeni akaanza kufunga breki. Bibi akapiga kelele ambazo mwanamke wa umri wake hapigi.

"Usinisalimie! Wee Rubeni, ukisimama nakupiga kwa mwiko! Piteni! Mtanisalimia mkirudi!"

Hakuna aliyewahi kusikia mkubwa akiikataa shikamoo. Rubeni alipita huku ameinamisha kichwa kwa aibu, na aibu ikampa mwendo. Wakavuka daraja la magogo. Pale ng'ombe alipokaa, Rahabu alikaa pia, juu ya mto, na barabara ikapita chini yake bila neno. Alifumba macho tangu mwanzo wa Kweng'ombe hadi mwisho wake. Alipoyafumbua aliona mapaa ya Lushoto.

Mtoto alizaliwa hospitali kabla Rubeni hajamaliza kuegesha baiskeli. Alikuwa msichana, na alilia. Aliitwa Efrazia siku ile ile, maana wazazi wake hawakutaka kusubiri tena.

Waliporudi, Rahabu hakwenda nyumbani kwanza. Alishuka mlangoni kwa Bibi Tatu na mtoto mgongoni.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sasa ndiyo umefika. Ingia, ila shika ukuta."

Rahabu alishika ukuta. Kwao punje ya maharage iliviringika; hapa kinu chenyewe kilikuwa kimefungwa kamba. Mbuzi wa Bibi Tatu alikuwa amefika katikati ya chumba, amekaa chini, na hakukubali maneno. Bibi alimmiminia chai nusu kikombe, kwa sababu nusu ya pili isingekaa.

"Bibi, hiki si kipande kimoja."

"Si kimoja. Changu ni kile pale chini ya kitanda, kimetulia, hakina neno. Hivi vitatu ni vya wakubwa. Havikai vizuri."

Rahabu alikunywa chai yote. Kisha akaenda kwa Mwenyekiti.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuomba kipande chenu. Nikakae nacho mimi."

Mbele ya Ndugu Tobia kilikuwapo kikombe kilichojaa hadi ukingoni, na chai ndani yake haikutikisika.

"Rahabu, mtoto si huyo mgongoni?"

"Ndiye."

"Barabara si imenyooka?"

"Imenyooka, baba."

"Basi shukuru."

"Nimeshukuru. Ndiyo maana nimekuja."

Mwenyekiti akasema suala hilo litaletwa kwenye kikao. Rubeni alijaribu kukitoa kipande kimoja kwa mikono yake, lakini mwinuko uliokwisha kukaa hautoki bila kijiji kizima, na kijiji hakikusanyiki bila pembe. Pembe lilikaa kwa Mwenyekiti, juu ya meza iliyotulia.

Kikao kiliahirishwa kwa sababu ya mgeni kutoka wilayani. Mgeni alikuja kwa Landrova, akaisifu barabara, akanywa chai kwa Ndugu Tobia, akasema katika ziara zake zote hajaona kijiji kilichogawana mzigo kwa usawa kama Kwemagogo. Kijiji kilipewa bendera. Watu walipiga makofi na hawakudanganya, maana barabara walikuwa wanaipenda kweli. Kikao hakikuitwa tena.

Tangu hapo Rahabu alikwenda kwa Bibi Tatu kila asubuhi. Alikaza kamba za kitanda, akajaza mtungi, akamhimiza mbuzi. Efrazia alipoanza kutambaa alimweka kwenye mkeka karibu na mlango, naye, kabla hajaamua chochote, alikuwa ameshafika magotini kwa Bibi.

"Huyu ana haraka," Bibi Tatu alisema kila siku, akimdaka. "Alikuja duniani kwa barabara nzuri."

"Asante, Bibi," Rahabu alijibu kila siku.

Kisha alimfunga mtoto mgongoni, akaanza kupanda kurudi mlangoni, mkono mmoja ukutani, akimzunguka mbuzi. Bibi Tatu aliwatazama kutoka chini mpaka wakakaribia juu.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Hapo mwisho ndipo pakali."