Hereni ya Sikio la Kulia

Mhariri alisimamisha picha, akaikuza mpaka uso wa rubani ukaenea skrini nzima, kisha akamwita mtengeneza hereni aje ajionee.

"Rula, hebu sogea. Hilo ni sikio gani?"

Lilikuwa la kulia. Karakana nzima ilimwita Rula kwa sababu hakuvumilia kitu kuwekwa kwa kukadiria. Alitazama mara moja tu. Mwigizaji aliyekuwa kwenye skrini, rubani wa chombo, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Katika tamthilia ile ya anga za mbali, wahusika wote wa chomboni hutoka kwenye mwezi mmoja usio na hewa, na kila mmoja huvaa hereni moja: utepe wa shaba uliokunjwa, na kipande cha kioo cha bluu. Aliye hai huivaa kushoto. Akifa, jamaa zake huihamishia kulia kabla ya kumsukuma nje gizani. Rula ndiye aliyebuni sheria hiyo. Mwandishi aliipenda, na watazamaji wakaishika kuliko mwandishi. Walisimamisha picha majumbani kwao ili kukagua masikio.

"Ni mapigano yote," mhariri alisema. "Tangu anaposhika usukani mpaka chombo kinaungua. Dada, tumeajiri maiti."

Kurudia hakukuwezekana. Chombo kile cha mbao na plastiki kilichomwa kweli mbele ya kamera, na majivu yake yalishazolewa. Kuigeuza picha nako kungeyageuza maandishi ya ukutani na kuhamisha kovu la nahodha shavu la pili. Kuifuta hereni kwa kompyuta kulishindikana, maana moshi na nywele vilipita juu yake muda wote.

Rula alikwenda chumba cha mapambo kutafuta sababu, akaikuta ukutani. Kila mwigizaji alikuwa na picha yake pale, ili avishwe leo kama alivyovishwa jana. Picha ya mdogo wake ilikuwa imefifia, na kabla ya siku ya mapigano Rula alikuwa amebandika nyingine: ile ambayo mdogo wake alijipiga kwa simu mbele ya kioo, siku ya kwanza ya kuvaa vazi la rubani, akicheka meno yote nje. Ilikuwa picha nzuri. Kioo kilikuwa kimeupeleka upande wa kushoto kulia. Mpambaji alimvisha kama picha ilivyoonyesha, kwa sababu Rula mwenyewe ndiye aliyewafundisha wote: fuata picha, usifuate kichwa chako.

Mwongozaji alipoelezwa, alicheka mpaka akapangusa macho.

"Basi hakuna kosa," alisema. "Tulipanga. Rubani alishakufa kabla ya vita, akaihamisha mwenyewe, na wenzake hawakujua."

"Tena nilikuwa natafuta wa kumuua," mwandishi alidakia.

"Muue mwingine," Rula alisema.

"Wengine wamevaa vizuri."

"Semeni ni kosa langu. Watangazieni watazamaji. Nifukuzeni."

Mwongozaji alimtazama kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Nikikufukuza, mama, hereni itahama?"

Mdogo wake alikuwa ameigiza migongo ya watu kwa miaka mingi. Aliwahi kuwa mkono unaofungua mlango, na mara kadhaa alilala chini ya shuka akiwa marehemu asiye na jina. Rubani ndiye aliyekuwa mtu wake wa kwanza mwenye maneno ya kusema. Nje ya kazi ile hakuna aliyekuwa akimwita, na alikuwa amefika umri ambao wanaochagua waigizaji huanza kuwaita wadogo zaidi.

Karatasi za sehemu mpya ziligawiwa asubuhi iliyofuata. Rula alimkuta amekaa kwenye kiti cha mapambo, karatasi zimelala mapajani.

"Nimekufa vizuri," mdogo wake alisema. "Umesoma? Wananisukuma nje ya chombo kipya, nahodha analia. Mwongozaji anasema wazo lilikuwa lako. Anakusifu kila kona."

"Halikuwa wazo. Lilikuwa kosa. Ile picha uliyojipiga kwenye kioo, niliibandika bila kufikiri."

"Dada."

"Naapa."

"Siku ile nilimuuliza mpambaji, mbona kulia? Akaniambia dada yako ndiye aliyeibandika picha, mimi nani nimbishie? Nikasema sawa, akishaweka yeye, basi. Nikaenda kupigana." Alikunja karatasi taratibu. "Wewe uliwahi kunirudisha ndani nikabadilishe soksi kwa sababu rangi zilipishana kidogo. Leo hujui kushoto na kulia?"

"Nilikosea."

"Hukosei, dada. Ungeniambia tu kwamba wameamua. Ningelia, ningemaliza. Ila ulikaa nami mezani kila siku, unanikatia mkate, na unajua."

Rula alieleza tena, kwa mpangilio: simu, kioo, ukuta, mpambaji. Maelezo yalikamilika, bila pengo hata moja, na aliposikia yalivyokamilika alielewa kwamba yalikuwa yanamwangamiza. Mtu aliyebabaika angeaminiwa.

"Ona ulivyojiandaa," mdogo wake alisema.

Alimwita mpambaji aje amvishe kwa ajili ya kifo, na akaomba Rula atoke.

Kwenye korido alikuwa anasubiri msichana mwembamba, mgeni, ameshika barua ya kuitwa. Alisimama haraka. "Shikamoo. Nimeambiwa nije kwako nipimwe masikio. Mimi ndiye rubani mpya."

"Marahaba," Rula alisema. "Njoo huku kwenye mwanga."