Wito Uliofutwa

Kifuniko cha sufuria kilimponyoka Eulalia, kikaanguka sakafuni, na mlio wake ukamshtua mwenyewe. Tangu ahamie jengo lile la nyuma ya barabara kuu hakuwahi kusikia kitu kikianguka jikoni kwake. Alikuwa akiona tu kimeanguka. Sauti ilimezwa na magari. Magari yalivuma usiku na mchana nyuma ya ukuta wa zege, hata watoto wa jengo zima walikua wakiongea kwa kupayuka kama wauza samaki. Asubuhi hii ya Jumamosi hakukuwa na gari hata moja. Mji wa Los Angeles ulikuwa umefunga barabara ili kubomoa daraja la pale mlimani, na ukimya ulioingia dirishani ulikuwa mzito kiasi kwamba alijikuta ananyata ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Alikoroga maharage meusi, akapasha chapati za mahindi moja moja juu ya chuma, akazifunga kwenye kitambaa. Leo hakuwa na kazi. Nyumba anayosafisha iko upande wa pili wa mlima, na bibi mwenye nyumba alikuwa amempigia simu: usihangaike kuja, barabara haipitiki. Hakusema lolote juu ya ujira wa siku hiyo, na Eulalia hakuuliza. Mumewe, Nicanor, ndiye aliyekuwa kazini. Alikuwa kule darajani na kikosi cha wabomoaji, na hakuwa amerudi tangu jana jioni. Simu yake haikupatikana. Mnyapara alizikusanya zote mwanzo wa zamu, asije mtu akapiga picha.

Eulalia alibeba sahani, akapanda ngazi hadi kwa Mzee Wendell.

"Ingia, jirani," sauti ya mzee ikamwahi kabla hajagonga. "Nimekusikia tangu unafunga mlango wako. Leo hata paka akipiga miayo namsikia."

Mzee Wendell Prudhomme alikuwa fundi wa mabasi ya mji kabla sukari haijamla macho. Sasa aliona mwanga na kivuli, basi. Televisheni aliigawa, akabaki na redio zake za kunasa mawasiliano ya polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa. Kutwa alikaa dirishani akiusikiliza mji ukiungua, ukigongana, ukijifungua watoto ndani ya teksi. Eulalia alimletea kifungua kinywa kila siku, na kila siku mzee alimsimulia habari za jana kama mtu aliyetoka matembezini.

"Mji umesemaje leo?" Eulalia aliuliza, akimwekea sahani mapajani.

"Haujasema kitu, ndiyo shida." Mzee alimega chapati. "Wiki nzima wametutangazia kiama. Msitoke, wekeni maji, wekeni chakula. Kumbe kiama chenyewe kimechelewa kuamka. Hebu sikiliza."

Redio ilikoroma taratibu. Baada ya kitambo sauti ya mwanamke ikasema, "Vikosi vyote vya mlimani, hali?" Mmoja akajibu, "Shwari." Mwingine, "Shwari." Wa tatu akakawia, naye akasema vilevile. Halafu ukoromaji ukarudi. Ilikuwa kama kusikiliza walinzi wa makaburi wakiitana.

"Huyo mwanamke ni wa kituo cha wito wa dharura," mzee alisema. "Namfahamu sauti miaka mingi. Hajawahi kuchanganyikiwa, hata siku ya tetemeko. Leo anauliza 'hali' kila mara. Hata yeye kimya kimemkaa vibaya."

Walikula wakisikiliza. Mara sauti ya yule mwanamke ikabadilika, ikawa ya kikazi.

"Gari la wagonjwa la mlimani. Darajani, upande wa mashariki. Mwanamume, umri kama miaka arobaini. Zege limemwangukia mguuni. Anapumua, anavuja damu."

"Tumepokea. Tunakwenda."

Chapati ya Eulalia ilibaki hewani. Nicanor alikuwa na miaka arobaini na moja.

"Wako wengi pale," mzee alisema haraka. "Kikosi kizima. Usijitafutie msiba."

"Hawataji jina?"

"Hawataji kamwe. Redioni mtu hana jina, mwanangu. Ana umri na mahali panapouma."

Eulalia alijaribu simu ya mumewe. Imezimwa. Alijaribu tena, na katikati ya kujaribu, redio ikasema:

"Gari la wagonjwa, rudini. Wito umefutwa. Wahusika wa eneo wanasema hakuna mgonjwa."

"Rudia?" sauti ya dereva ilijaa mshangao.

"Hakuna mgonjwa. Rudini."

Mzee Wendell aligeuza uso wake wenye macho ya maziwa kuielekea redio, kana kwamba imemtukana. "Hakuna mgonjwa? Mguu umeangukiwa na zege, ukapona kabla mtu hajameza mate?"

Eulalia alikwisha simama. "Naenda."

"Kwa lipi? Mabasi hayapiti."

"Kwa miguu. Barabara si tupu?"

Mzee aliweka sahani chini. Kisha akapapasa rafu, akatoa redio ndogo ya mkononi. "Chukua. Haisemi, inasikia tu, kama mimi. Angalau utajua wanasema nini."

Nyuma ya mapipa ya taka, waya wa uzio ulikuwa umekatwa zamani na watu waliokosa pa kulala. Eulalia alipenya, akapanda kilima cha nyasi kavu akishika matawi ya mkaratusi, akaruka kizuizi cha chuma. Akasimama juu ya barabara kuu.

Hakuwa ameiona kamwe akiwa amesimama juu yake. Ilikuwa pana kama mto uliokauka, nyeupe kwa jua la Julai, ikipanda kuelekea mlimani bila kitu juu yake. Lami ilikuwa na mabaka meusi ya matairi, kiatu kimoja, kipande cha kioo. Alisikia nyayo zake mwenyewe zikigonga ukutani na kurudi, kama vile kuna mtu wa pili anayemfuata hatua kwa hatua. Mbwa-mwitu mdogo wa milimani alikuwa amekaa katikati ya njia ya mbele. Alimtazama Eulalia bila haraka, akainuka, akaondoka zake kama mwenye nyumba aliyechoshwa na mgeni.

Eulalia akatembea. Helikopta ilining'inia mbali angani, haisogei. Redio mkononi ikakoroma.

"Nina mtu anayetembea kwa miguu, njia za kuelekea kaskazini. Yuko peke yake."

Aligeuka kumtafuta mtu huyo. Barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma.

"Mwanamke," redio iliendelea. "Nguo ya njano."

Akajitazama nguo yake. Akainua macho.

"Sasa anatutazama."

Ni jambo moja kuonwa, na ni jambo jingine kusikia unavyoonwa. Mwili wake ulihisi kama si wake tena, kama tayari umekuwa mmoja wa wale wasio na majina ambao Mzee Wendell huwasimulia asubuhi. Ndipo sauti ikaongeza, "Ana kitu mkononi, hakijulikani," na Eulalia, aliyejua vizuri polisi wa mji ule hufanya nini waonapo vitu visivyojulikana mikononi mwa watu, akainua redio juu na mkono mwingine mtupu juu, akaendelea kutembea hivyohivyo, kama mtu anayevuka maji ya kifuani. Mikono ilimuuma. Hakuishusha.

"Ni redio, nadhani," sauti ilisema hatimaye. "Tumeni polisi wa pikipiki, akipatikana."

Daraja lilitokea nyuma ya kona. Nusu yake ilikuwa imeanguka, nusu ilisimama na nondo zinaning'inia. Mashine zilikuwa zikigongagonga, vumbi limetanda, na watu wenye kofia ngumu walikuwa wakifanya kazi kama kawaida. Hicho ndicho kilichomtisha zaidi. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyemtazama. Walipomwona, waliinamisha vichwa kama watu wanaopita mbele ya maiti.

Mnyapara alimjia mbio, mtu mnene mwenye shingo nyekundu, jina lake Kubicek. "Mama! Umepotea? Hapa hapaingiliki."

"Namtafuta mume wangu. Nicanor. Nimesikia kuna mtu ameumia."

"Nani kakwambia?" Akaiona redio. Uso ukambadilika. "Hakuna aliyeumia hapa. Nenda nyumbani."

"Eulalia!"

Nicanor alitoka kwenye vumbi akiwa mzima kwa miguu yote miwili. Eulalia aliona aibu kwa furaha iliyompanda, maana mikono ya shati la mumewe ilikuwa na damu hadi kwenye viwiko.

"Si mimi," alimwambia kwa lugha ya kwao, ya milimani Guatemala. "Rudi nyumbani, tafadhali. Si mimi."

"Ni nani, basi?"

Macho yalimkimbia Nicanor kuelekea lori la maji. Eulalia akapita pembeni ya mnyapara kabla hajazuiwa.

Kivulini mwa lori, juu ya magunia ya saruji, alikuwa amelala Hilario, mwenzake Nicanor wa kazini, aliyekula mezani kwa Eulalia Pasaka. Mguu wake ulifungwa kwa fulana ya kazi ya rangi ya chungwa ambayo haikuwa tena ya chungwa. Midomo ilikuwa ya majivu.

"Shemeji," alisema akijaribu kutabasamu. "Samahani, sijakukaribisha kiti."

"Wamekuacha hapa?"

"Wanangojea wakubwa waondoke."

Kubicek alikuwa amewafikia. Sasa aliongea kwa upole, karibu kwa kubembeleza. "Sikiliza, mama. Pale chini wamekuja wakubwa wa mji na waandishi wa habari, wanapiga picha. Gari la wagonjwa likipita mbele yao, kazi inasimamishwa, wakaguzi wanakuja, barabara haifunguliwi kwa wakati, na kampuni inatozwa faini. Hawa wote wanakosa kibarua. Wakishaondoka, nampeleka mwenyewe kwa gari langu. Haitachukua muda."

"Yeye anao huo muda?"

"Mimi si daktari."

"Na ulisema hakuna mgonjwa."

Eulalia alitoa simu yake. Akabonyeza namba ya dharura, akakosea, akarudia. Iliyopokea ilikuwa sauti aliyoisikia asubuhi nzima kutoka dirishani kwa Mzee Wendell, safari hii ikiwa sikioni mwake, karibu kama pumzi.

"Dharura yako ni nini?"

"Darajani, upande wa mashariki. Mtu ameangukiwa na zege."

"Wito huo ulifutwa, mama. Wahusika wa eneo walisema..."

"Mhusika ndiye huyu aliyelala. Nimemshika mkono, ni wa baridi. Anaitwa Hilario Pop. Andika hilo jina. Hilario Pop."

Mnyapara alinyoosha mkono kuichukua simu. Nicanor akaingia katikati. Hakumsukuma, hakumgusa, alisimama tu, mikono yenye damu ikining'inia.

"Nicanor," Kubicek alisema taratibu, "ukisimama hapo, kesho usije."

Mashine moja ikazimwa, halafu nyingine. Watu waliokuwa wameinamisha vichwa waliviinua. Nicanor hakuondoka pale.

Redio ndogo ikakoroma. "Gari la wagonjwa la mlimani, rudini darajani. Mgonjwa yupo." Sauti ikasita, na Eulalia akasikia kitu ambacho Mzee Wendell alimwambia hakitokei kamwe. "Anaitwa Hilario Pop."

Gari lilifika upesi kupita matarajio yao, kwani hakukuwa na kitu njiani, hata gari moja la kupisha. Ilikuwa barabara rahisi kupita kuliko zote duniani siku ile. Mhudumu alipofungua fulana aliguna, akauliza, "Ameumia tangu lini?" Walipomwambia, alimtazama mnyapara, kisha akaendelea na kazi yake. Hilario alinusurika. Mguu haukuokolewa, madaktari waliukata chini ya goti jioni ileile, na mmoja wao alimwambia mkewe kwamba wangeuokoa kama angefikishwa mapema.

Lakini hayo waliyajua baadaye. Mchana ule, gari lilipotokomea, Kubicek alimwambia Nicanor avue kofia na fulana, ni mali ya kampuni. Alivua. Alirudishiwa simu yake ndani ya mfuko wa nailoni. Mashine zikaanza tena, na wenzake wakarudi kazini mmoja mmoja. Hakuna aliyemuaga kwa sauti.

Wakashuka barabara, mke na mume, jua utosini. Chini kidogo, kwenye njia ya pembeni ambayo Eulalia hakuitazama alipopanda, wakubwa walikuwa wamesimama juu ya jukwaa dogo, wakiwa wamevalia kofia mpya zisizo na vumbi. Kipaza sauti kilileta maneno hadi barabarani: kazi inakwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa, wananchi wameonyesha nidhamu, na hadi sasa hakuna hata mtu mmoja aliyeumia. Watu wakapiga makofi. Makofi yalisambaa juu ya lami tupu, yakagonga ukuta, yakarudi kama ya umati usioonekana.

"Tutakula nini, Eulalia?" Nicanor aliuliza.

"Sijui."

Pikipiki ya polisi ikawajia kwa nyuma, polepole, taa zikizunguka bila king'ora. "Ninyi wawili," kipaza sauti chake kiliamuru. "Tokeni katikati. Tembeeni pembeni, kando ya ukuta."

Nicanor, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaanza kusogea pembeni. Eulalia akamshika mkono, ule wenye damu iliyokauka.

"Kupisha nani?" alimuuliza.

Polisi akarudia amri, kisha akairudia tena, akibaki nyuma yao na injini ikinguruma chini chini. Nicanor aliitazama barabara iliyo mbele, pana na nyeupe. Akarudi katikati, wakaendelea kushuka.