Dawa ya Bondeni

Madoa ya kahawia yalikuwa yameshapanda hadi majani ya juu. Editha aligeuza jani moja, akaona unga mweupe wa ukungu chini yake, akaliachia kama limemchoma. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima katika bonde hili la nyuma ya Mbagala. Leo tu ndiyo jua limetoka. Asipopiga dawa leo, nyanya zote zinaoza.

Alikuwa akichuja maji ya mwarobaini na vitunguu saumu kutoka pipani, ayatie kwenye bomba la mgongoni, alipowaona wanaume wawili wakivuka matuta. Mmoja alikuwa Gaspar, mwenye duka la pembejeo kule barabarani, ambako wakulima wa bondeni siku hizi hawaendi. Wa pili alivaa viatu vya ofisini, akikanyaga miche bila kutazama chini.

"Shikamoo," Editha alisema.

"Marahaba. Mimi ni mkaguzi wa viuatilifu. Pipani mna nini, mama?"

"Dawa."

Gaspar alicheka kwa pua. "Si nilikwambia, bosi? Kakiri mwenyewe."

"Dawa ya nini?" mkaguzi aliuliza.

"Ya ukungu. Sie wote hapa tunaitumia. Akija jirani namgawia."

"Imesajiliwa?"

"Ni majani tu, bosi. Nimetwanga kwenye kinu."

"Sijauliza umetwanga wapi. Kusambaza dawa isiyosajiliwa ni kosa."

"Basi si dawa. Ni maji ya majani."

"Kumbe!" Gaspar alidakia. "Dada Editha, msimu mzima unawagawia wenzio chai?"

Editha aliona upenyo. Akubali ni chai, pipa lake libaki. "Ndiyo," alisema. "Ni kama chai. Haitibu kitu."

"Nani kasema haitibu?" Flaviana, wa shamba la jirani, alikuwa amesikia. Alikuja mbiombio, jembe begani. "Bosi, usimsikilize, ana haya tu huyu. Hiyo ni dawa kwelikweli. Nyanya zangu zilikuwa zimekwisha, ikaziponya. Hata ya Gaspar haioni ndani."

Alidhani anamtetea. Editha alifumba macho.

"Shahidi tumempata," mkaguzi alisema. "Mwaga."

"Niache nipige haya matuta kwanza, baba. Jua likiondoka..."

"Mwaga. Ama tukamalizie kituoni."

Flaviana alishusha jembe, mdomo wazi. Editha alilisukuma pipa kwa goti. Maji ya kijani yalitambaa njiani, mchanga ukayanywa. Gaspar aliruka kando asilowane.

"Njoo dukani," alisema kwa upole. "Ninayo iliyosajiliwa."

Mkaguzi alikuwa ameshachuma nyanya moja iliyoiva. Aliifuta kwenye suruali, akasita. "Hizi zimewahi kupigwa vile vitu vya dukani kwa huyu?"

"Hapana."

"Safi." Aliing'ata, majimaji yakamtiririka kidevuni. "Nifungie na za watoto nyumbani."

Editha aliinama kwenye matuta, akaanza kuchagua zisizo na madoa.