Mimba Chini ya Baibui

Mjukuu wangu Fauzia alipopata mimba hapa Johannesburg, tulijua watu watatu tu: yeye, mumewe Ahmad, na mimi. Kwetu Tanga mimba changa haitangazwi, watu wana macho. Lakini Fauzia alizidisha. Ile ya kwanza, tukiwa bado nyumbani, aliisema mapema, mtaa mzima ukampongeza, na mwezi wa nne ikatoka. Tangu hapo akashika kwamba ni kijicho. Hii aliapa kuificha mpaka mtoto alie.

Kliniki alikwenda, hilo silikatai. Nesi akamkanya asibebe vitu vizito, asivute harufu ya dawa za nywele, asisimame kutwa, avae viatu vya chini visivyoteleza. Akarudi akanisimulia yote, mpaka namna ya kulalia ubavu wa kushoto. Viatu alibadilisha. Ubavu aliulalia, na mto mdogo katikati ya magoti. Yale mengine yakamshinda, maana alikuwa anasuka katika saluni ya Brigitte, Mkongo wa Bukavu, juu kilimani hapa Observatory, na hawezi kuyafuata bila Brigitte kujua.

"Mwambie," nilimsihi siku moja nikimkanda miguu, imevimba mpaka vifundo havionekani. "Yule mama ana watoto wanne. Atakuweka mlangoni usuke tu, kwenye hewa."

"Bibi, akijua Brigitte, mpaka muuza nyanya wa kona atajua kabla ya adhuhuri."

"Basi acha kazi."

"Nikiacha wataniuliza kwa nini."

Nikaendelea kumkanda. Mimba si yangu, na mwenye kuogopa humkaripii. Alivaa baibui pana, na juu yake sweta la Ahmad, kwa kuwa baridi ya Julai iliruhusu. Mkebe wa dawa ya kulainisha nywele ukifunguliwa, alitoka nje akajifanya anaongea na simu.

Mimba ilikuwa ndiyo inaingia mwezi wa saba maji ya bomba yalipokatika mtaani. Gari la maji likawa linasimama chini kwenye robot, taa za barabarani, na sote tunapanga foleni na ndoo. Siku hiyo nilikuwapo mimi na dumu langu dogo. Fauzia alitumwa kuleta maji ya kuoshea vichwa vya wateja. Brigitte mwenyewe alikuwa mlangoni, juu ya ngazi za saluni, taulo begani, anapiga kelele kwa furaha kama kawaida yake:

"Fauzia! Unatembeaka pole kama bibi-arusi! Na unanenepa, ee? Ahmad anakulishaka nini kule ku kaduka yake, ile spaza ya Soweto?"

"Mikate, dada Brigitte!" Fauzia akajibu, akacheka. Wanawake wa foleni nao wakacheka. Akaiinua ndoo, lita ishirini, akaibeba kwa mbele, imeegemea tumbo.

Nilimwita. Hakugeuka. Ngazi zilikuwa zimelowa maji ya waliotangulia. Ngazi ya tatu mguu uliteleza. Aliangukia ukingo wa ndoo.

Hospitali, nilikompeleka kwa teksi sisi wawili tu, walisema kondo la nyuma limebanduka. Mtoto alikuwa wa kike. Ahmad akamwita Samira. Nilimwosha mimi, kwenye beseni, maji ya vuguvugu, nikampa Ahmad na wenzake wawili wa msikitini wakaenda kuzika. Fauzia alikuwa bado kwenye damu na usingizi wa dawa. Hakumwona.

Saluni waliambiwa amevunjika mbavu.

Akarudi nyumbani, na hakuna aliyekuja. Nani aje? Hakuna aliyejua kuna msiba. Majirani Watanzania walipita koridoni na kugonga. "Hamjambo humo?" "Hatujambo." Wakaenda zao. Nilitandika mkeka kama tunavyofanya kwetu, nikakaa peke yangu.

"Nikuitie watu wakupe pole?" nikamwuliza.

"Bibi, hata sasa usiseme." Alikuwa ameugeukia ukuta. Maziwa yalilowesha khanga, na yeye aliyaacha tu.

Wiki ya pili akaingia Brigitte, hakupiga hodi, amebeba sufuria ya maharage.

"Mbavu gani hizo hazipone? Wateja banauliza fundi wao! Ama umepata saluni ingine, nikufukuze sasa hivi?"

Fauzia akageuka. Nadhani alitaka kucheka. Badala yake akasema, "Nilikuwa na mimba, dada."

Brigitte akaweka sufuria chini. Akatazama ile khanga iliyolowa.

"Na ile ndoo?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuchekaka." Akakaa kwenye mkeka, mzito, akajifunika uso kwa viganja. "Mama yangu. Ningebeba mimi. Ungesema kidogo tu, ningebeba mimi."

Kisha Brigitte akaondoa viganja usoni, akauliza taratibu, "Jina lake nani?"

"Samira."

"Samira," akarudia. "Alikuwa na nywele?"

Mjukuu wangu akanitazama. Tangu atoke hospitali alikuwa hajaniuliza neno lolote juu ya mwanawe.

"Sikumwona," akasema. "Bibi ndiye aliyemwosha. Bibi, alikuwa nazo?"

"Alikuwa nazo," nikamwambia. "Nyeusi, laini, zimeshuka mpaka kisogoni. Nilipozimwagia maji zikajikunja."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mpaka majirani wakafungua milango.