Chaji ya Milembe

Siku hiyo mjinga alikuwa Mboje, na hilo analikubali hata asipoulizwa. Muuzaji wa Bariadi alimfungia kishikwambi cha kusomea vitabu, akamweleza taratibu kwamba kifaa hicho kinapokea umeme, hakitoi. Akitaka kuchomeka feni au taa, anunue na kigawio cha umeme chenye betri yake. Mboje akacheka. Ng'ombe akishakula, alisema, anakamuliwa. Akaacha kigawio, akabeba feni.

Kishikwambi kilikuwa cha mkewe, Milembe. Alikuwa anajisomea mtihani wa kidato cha nne, akishamaliza kuchuma pamba, kumtekea maji mama mkwe na kumfulia shemeji. Nyumba yao ya Nkoma haina umeme. Mboje akachomeka waya wa feni kwenye tundu la USB, feni ikazunguka. Milembe akasoma mchana kutwa na chaji haikushuka.

Kilichoshuka ni joto la Milembe. Uji ukipita mikononi mwake ulifika kwa mlaji umepoa. Kuku aliyeatamia karibu na miguu yake aliyahama mayai. Mboje aliona, akamletea sweta.

Nyanjige, mama mkwe, aliposikia kuna chaji isiyoisha alileta redio yake. Marcelo, shemeji, akaleta mashine ya kunyolea, akafungua saluni pale mlangoni. Majirani wakaja na simu. Sharti lilikuwa moja tu: Milembe asikiachie kishikwambi. Akikiweka chini, vyote vinazima. Kufika Oktoba vidole vyake havikunjiki. Kurasa anafunua kwa kidevu, na kalamu ya mtihani hakuna anayejua ataishikaje.

Siku pumzi yake ilipotoka na mvuke, juani, saa saba mchana, Mboje alisema wachomoe. Marcelo akajibu kwamba ana mteja kichwa nusu. Nyanjige akakumbusha kuwa mkwe huyo alitolewa ng'ombe, tena wanene.

“Mayu, mtu anaganda,” Mboje alimwambia mama yake.

“Kaulaumu waya wako. Kabla hujauleta, mkeo alikuwa mzima.”

Redio ikapandishwa sauti, mashine ikaendelea kunguruma kichwani mwa mteja. Milembe akafunua ukurasa kwa kidevu.

“Kabla ya waya, mayu,” aliuliza, “mlikuwa mnachomeka wapi?”