Rangi ya Glasi ya Kinasih

Bu Harsini, aliyekuwa akiwafundisha wenzake wa mtaa kutumia simu, aliandika swali moja tu ubaoni, kwa herufi kubwa: NANI AONE? Kisha akawageukia akina mama kumi na mmoja waliokaa kwenye viti vya plastiki vya ukumbi wa mtaa, kila mmoja na simu yake kiganjani. Akawaambia kwamba kabla hawajabandika kitu mtandaoni, iwe picha ya mjukuu au ya sufuria ya mchuzi, wajibu kwanza swali hilo. Simu yenyewe inatoa majibu matatu: watu wote, marafiki, au mimi tu.

"Mimi tu?" akauliza Mbok Tumirah kutoka safu ya mbele. "Huyo naye ana wazimu gani, Bu? Apike, apakue, halafu ajifungie ndani ale peke yake?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bu Harsini alikuwa amekaa dirishani posta miaka thelathini kabla ya kustaafu, na watu wa kila aina alikwisha kuwazoea. Alisubiri kicheko kiishe.

"Iko siku utalihitaji, Mbok."

"Mimi muuza jamu, Bu. Duka langu liko mgongoni. Nikijificha nitamuuzia nani?"

Akabonyeza watu wote, na hakulifikiria tena jambo hilo kwa miezi mitatu.

Tumirah hakuwa mwanamke wa kusitasita. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kwa thelathini na moja kati ya hiyo alikuwa amezunguka vichochoro vya mtaa wa Laweyan, mjini Solo, kila asubuhi, kikapu cha chupa za jamu, dawa ya kunywa ya mitishamba, kimefungwa mgongoni kwa shuka. Miguu yake ilikuwa migumu na ulimi wake mwepesi. Simu aliishika siku chache tu, akaielewa. Aliisimamisha ukingoni mwa kikapu, akakaa kwenye kigoda, akamimina jamu kutoka juu bila kumwaga hata tone, huku akiwatania wateja wake. Watu wakampenda. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa na wafuasi elfu nne, na wengine walikuwa wakituma oda kutoka mji wa Semarang.

"Mbok siku hizi ni msanii," wakamchokoza sokoni.

"Nilikuwa msanii tangu zamani," akawajibu. "Ni nyinyi mliochelewa kununua simu."

Tatizo la jamu ni rangi. Solo nzima inazijua. Ya kahawia ni ya viungo vinavyouma. Ya kijani, ile chungu inayomtoa mtu machozi, ni ya ngozi na homa. Ya manjano, ya binzari na ukwaju, ni ya wanawake, kwa maumivu ya kila mwezi, na mwenye mimba haigusi kabisa. Ya mchele, nyeupe iliyofifia, anakunywa yeyote, hata mtoto. Kwa hiyo muuza jamu anajua mengi. Tumirah alijua mgongo wa nani umekufa ganzi, na mume wa nani ananong'ona akiagiza. Lakini alikuwa na mwiko wake, na aliuonea fahari kuliko chupa zake zote: neno la mlango huu hakuwahi kulibeba kulipeleka mlango ule. Hata kwenye video alimwomba mtu ruhusa kwanza, na hakutaja ugonjwa wa mtu. Alijiona yuko salama salimini.

Mteja aliyependwa zaidi na wafuasi wake alikuwa Kinasih, mkwe kijana wa Bu Suprapti, mwenye nyumba ya batiki. Kila asubuhi alitoka mlango wa nyuma, akapewa glasi yake ya manjano, akainywa kwa pumzi moja, akakunja uso kama aliyeng'atwa, kisha akacheka. Watu walikuwa wakiungoja uso ule.

Jumanne moja mkono wa Tumirah ulikwenda kwenye chupa ya manjano kwa mazoea. Kinasih akatikisa kichwa.

"Leo ya mchele tu, Mbok."

Tumirah alimtazama mara moja, akaelewa. Furaha ilimjaa kifuani, maana alijua binti huyu amekwisha kupoteza mimba mbili. Alimimina ya mchele, akatania kuhusu paka wa jirani, Kinasih akacheka vizuri kuliko siku zote, na video ikaenda kwa watu wote kabla kikapu hakijarudi mgongoni. Njia nzima Tumirah alijisifu moyoni jinsi alivyoufunga mdomo wake.

Baada ya chakula cha mchana alifungua simu asome maoni.

"Kaacha ya manjano? Mbona kila siku anakunywa?"

"Tazameni video ya jana, halafu hii. Mimi nimemaliza."

"Hongera mapema, binti mrembo."

Maoni kama hayo yalikuwa zaidi ya sitini. Tumirah akakaa chini sakafuni, kando ya kinu. Alikuwa bado amekaa hapo Kinasih alipoingia jikoni kwake bila hata kubisha hodi.

"Mbok, umesema."

"Sijafungua mdomo, mwanangu. Haki ya Mungu sijafungua mdomo."

"Glasi imesema." Hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Tumirah kuliko kelele. "Mara ya kwanza Mama mkwe alifurahi, akaita mtaa mzima. Walikuja na maembe mabichi, na mananasi, na pilipili, tukakaa tukala. Wiki mbili baadaye wakarudi walewale, wamekunja nyuso, wananishika mkono mmoja mmoja. Mara ya pili vilevile. Safari hii hata mume wangu nimemwapisha. Nilitaka mwezi wa nne uingie kwanza. Zilibaki wiki sita, Mbok. Wiki sita tu za kukaa na kitu changu bila kutazamwa tumbo."

"Mama mkwe ameiona?"

"Hana simu ya video. Lakini kesho alasiri anakutana na wenzake, na unawajua wenzake."

Tumirah aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Miaka thelathini na moja, na sasa ametoboa siri kwa sababu ya uso mmoja wenye kuchekesha. Lakini kulia hakukuwa kazi yake. Alinyanyuka, akajifunga upya shuka lake kiunoni.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwaga, nitapangusa mimi."

Bu Harsini alikuwa akimwagilia okidi zake. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwa heshima yake hakukumbusha mtu kilichosemwa ukumbini. Walikaa barazani, vichwa viwili juu ya simu moja. Walifuta video ya asubuhi. Walizihamishia kwenye mimi tu video zote zenye uso wa Kinasih, thelathini na saba, moja baada ya nyingine. Walizuia wasiofahamika wasiandike maoni. Bu Harsini akapekua pia kundi la simu la akina mama wa mtaa, akasimamisha kidole.

"Imekwisha kufika huku. Mtu aliihifadhi kabla hatujafuta. Nitampigia mwenye kundi aiondoe, na ataiondoa, ni mwanafunzi wangu. Ila walioiona wameiona."

"Simu haina dawa ya hapo?"

"Simu haina, Mbok. Macho ya watu hayana mipangilio."

Tumirah alichuma jani kavu kwenye okidi. Kisha akaanza kutabasamu polepole, na waliomfahamu walijua tabasamu lile lina mambo.

"Wameona nini, Bu? Wameona mwanamke mmoja ameacha ya manjano. Mmoja ndiye anayeonekana. Je, wakiacha wote?"

Kesho yake hakupika ya manjano. Ndiyo jamu iliyouzika kuliko zote, na hakupika hata chupa moja. Saa moja asubuhi alikuwa kichochoroni, simu ukingoni mwa kikapu, na kila mwanamke aliyetoka alimwuliza kwanza, kwa uwazi kuliko kawaida yake: "Nikupige video, uonekane na watu wote? Ukikataa, unakunywa vilevile."

"Nipige tu. Ya manjano iko wapi?"

"Sikupika."

"Kwa nini?"

"Sufuria yangu, kuni zangu. Kunywa ya mchele unyamaze."

Wakanywa ya mchele. Akanywa mshona nguo, akanywa mwalimu wa chekechea, wakanywa dada wawili wauza tofu. Mbah Jumiyem, bibi mwenye miaka sabini na minne na meno matatu, akainua glasi yake mbele ya simu kwa madaha.

"Na mimi nimeacha ya manjano," akatangaza. "Mniombee."

Kichochoro kikalipuka kwa kicheko. Kabla ya saa mbili maoni yalikuwa yamegeuka. "Jamani, Laweyan nzima ina mimba?" mmoja akaandika. "Hongera Mbah, utajifungua lini?" akaandika mwingine. Mwenye maneno ya jana alipojaribu kurudi na hadithi yake, akaambiwa aende akamhesabie Mbah Jumiyem miezi. Tumirah alisoma huku akitembea, na hatua zake zikarudi kuwa za jana asubuhi.

Alipofika mlango wa nyuma wa nyumba ya batiki, alizima simu. Kinasih akatoka, macho yamevimba. Na nyuma yake, akiwa amevaa blauzi yake ya kebaya ya kijivu na ufunguo wa ghala shingoni, akatoka Bu Suprapti, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunywa jamu mlangoni. Yeye hupelekewa ndani, kwenye sinia.

Tumirah akamwinamia kwa adabu.

"Unapiga video, Mbok?"

"Nimezima, Bu."

"Washa."

Tumirah akamtazama Kinasih. Kinasih, mweupe kwa woga, akaitikia kwa kichwa. Simu ikawashwa.

"Mimina mbili za mchele," akasema Bu Suprapti. Akasimama bega kwa bega na mkwewe, akainywa yake yote, akapangusa midomo kwa ncha ya kitambaa. Kisha akaitazama simu kama anavyomtazama mteja anayetaka kupunguziwa bei. "Nina miaka sitini na mitatu. Katika nyumba hii mimi na mkwe wangu tunakunywa ya mchele kwa sababu tunaipenda. Mwenye swali aje aniulize mimi, mlango uko wazi. Haya, zima."

Tumirah akabonyeza kwa vidole vilivyolowa, akairudisha simu ukingoni mwa kikapu, akajishughulisha na kusuuza glasi ambazo zilikuwa safi.

"Mama," Kinasih akasema kwa sauti ndogo. "Nani amekwambia?"

"Ameniambia nini? Wenzangu wana simu, lakini mimi sijui kitu." Bu Suprapti alikuwa akiutazama ukuta. "Ila kuanzia leo ndoo za rangi huzinyanyui. Ananyanyua mumeo, ana mikono miwili." Akaushika ufunguo shingoni. "Ule mwaka niliwaita watu wote na maembe yao. Ilikuwa furaha yangu, nikaifanya kelele, ukaja kuilipa wewe. Nilikosea, mwanangu. Nimekaa na jambo hili miaka miwili sijui pa kulianzia."

Kinasih akamwegemea begani na kulia, na yule mama asiyegusika akamshika kichwa kwa mikono yote miwili. Tumirah akakifunga kikapu chake taratibu na kuondoka bila kuaga.

Kwenye kona, alipotoa simu atazame saa, aliona nukta nyekundu bado inapepesa. Vidole vyenye maji havikuizima. Akairudisha nyuma, akatazama. Kikapu kilikuwa kimesimama mahali penyewe: yote yalikuwemo, ukuta, kebaya ya kijivu, mikono ile kichwani, na kila neno. Hajawahi kupiga kitu kizuri kama kile, na alijua kabisa, kama anavyojua kumimina, kwamba kingewaliza watu kutoka hapa mpaka Semarang.

Simu ikamwuliza swali lake lilelile.

Kidole chake kilikwenda kwenye mimi tu, mahali alipopacheka ukumbini, kikasita juu yake. Mimi nani? akajiuliza. Anayelia humu ndani si mimi.

Akageuka na kikapu chake, akarudi kichochoro kizima, jua limeanza kuwa kali na wateja wakimwita kutoka milangoni. Kinasih alikuwa bado amekaa kizingitini peke yake, akijipangusa uso.

"Shika," Tumirah akamwambia, akimpa simu. "Haikuzimika, nisamehe. Ipeleke kwako, halafu ifute kwangu, nikiwa nakuona."

Kinasih aliitazama mpaka mwisho. Alipomaliza aliweka mkono mmoja tumboni, kisha akafanya alivyoambiwa, akamrudishia simu yake bila video ile.

"Na ya manjano, Mbok? Kesho utapika?"

"Baada ya wiki sita," akasema Tumirah, akavuta shuka begani, akaenda kuwauzia waliokuwa wakimwita milangoni.